Mwiko wa Wakwe Ndani ya Basi Dogo

Yeyote aliyelelewa magharibi mwa Kenya anafahamu fika kwamba kuna watu wawili wasiofaa kukutana katika njia nyembamba: mwanamume na mama mzazi wa mkewe. Wakionana kwa mbali, mmoja wao hana budi kuingia kichakani mpaka mwenzake apite. Hawapeani mikono, hawaketi pamoja, hawali katika chumba kimoja, wala mama mkwe hathubutu kulala chini ya paa la binti yake aliyeolewa. Mgeni akiyaona hayo hudhani ni uadui. Sisi tunajua kuwa ni heshima.

Nimekuwa mkwe kwa muda wa miaka 19, na katika muda huo wote sikuwahi kumtazama mama mkwe wangu usoni. Baba mkwe alipofariki, miaka mitano kabla ya safari ninayokusudia kuisimulia, nilisimama mbali, upande wa wanaume, nikamwona mama huyo akilia kando ya kaburi. Sikuweza kumwendea nikamwambia pole. Rambirambi zangu zilipelekwa na mke wangu, kama barua ipelekwavyo na tarishi. Jambo hilo lilinikereketa moyoni kwa muda mrefu, ingawa sikumwambia mtu.

Basi fikirieni, wasomaji wapenzi, hali yangu mwezi Julai mwaka 2024, nilipojikuta nikiendesha basi dogo katika kisiwa cha Hawaii, katikati ya bahari ya Pasifiki, mama mkwe ameketi dhiraa moja hivi nyuma ya bega langu la kulia, na kioo cha kuangalizia nyuma kiko tayari kunionyesha uso ambao nimeukwepa kwa karibu miongo miwili.

Ilikuwaje hata tukafika huko? Nilikuwa nimealikwa kwenye kongamano la wanaisimu mjini Honolulu. Dada ya mke wangu ni muuguzi huko California, na mama yao alikuwa amemtembelea kwa miezi mitatu. Kaka yao naye anaishi Texas. Shemeji akashauri kwamba, maadamu mimi nitakuwa Hawaii kwa gharama ya wenye kongamano, ndugu wachange nauli ya mke wangu na watoto wetu, kisha familia nzima ikutane huko kwa likizo ya siku tano. Hatukuwahi kuwa pamoja tangu mazishi ya mzee. Nani angekataa?

Tulikuwa watu 12: mimi, mke wangu na watoto wetu watatu, shemeji, mumewe na watoto wao wawili, kaka ya mke wangu na mkewe, na mama mkwe. Huyo mume wa shemeji yangu, ambaye kwa Kiswahili fasaha ni mwanyumba wangu, ni Mmarekani mweusi, mtu wa bashasha nyingi. Neno hili mwanyumba, ambalo vijana wengi siku hizi hawalijui, huwataja wanaume wawili waliooa dada wawili. Lugha inawahesabu kuwa watu wa nyumba moja, hata kama mmoja alizaliwa Bungoma na mwingine Oakland.

Nilipewa jukumu la kukodi gari. Niliagiza basi dogo la abiria 15, na sababu yangu sikuitangaza. Watu 12 katika viti 15 huacha viti vitatu, yaani safu moja nzima. Nilichora ramani ya viti kwenye karatasi. Mwanyumba, ambaye ni mwenyeji wa Marekani, angeendesha. Mama mkwe, kwa sababu ya magoti yake, angeketi safu ya kwanza karibu na mlango, binti zake wakiwa ubavuni mwake. Watoto wangejaa katikati. Mimi ningeketi nyuma kabisa, na safu iliyo mbele yangu ingebaki tupu. Safu hiyo ndiyo iliyokuwa kichaka changu.

Mja hunena, Mungu akatenda. Tuliposhuka katika uwanja wa ndege wa Kona, ambao hauna jumba kubwa la zege bali vibanda vilivyo wazi, vyenye mapaa yaliyochongoka kama nyumba za kale za kisiwa, nilidhani tumepokewa vyema. Mwanyumba akamkumbatia mama mkwe mbele ya halaiki, sisi wengine tukaangalia pembeni kana kwamba tumeona ajali. Kisha tukaenda kwenye kaunta ya kampuni ya magari, ambayo sitaitaja. Karani akatueleza kwa tabasamu kwamba magari ya watu 15 yamekwisha, ila lipo moja la watu 12. Alipoomba leseni ya mwanyumba, ikagunduliwa kwamba muda wake ulikuwa umekwisha wiki mbili zilizopita, siku yake ya kuzaliwa. Leseni yangu ya Kenya ilikuwa hai. Kwa dakika kumi tu kichaka changu kikafyekwa, nami nikakabidhiwa usukani.

Mke wangu ndiye aliyetuokoa. Alichukua leso kutoka katika mfuko wa mama yake, akaifunga nyuma ya viti vya mbele kama pazia, ncha moja kwenye kishikio kilicho juu ya mlango na nyingine kwenye kishikio cha upande wa pili. Nilitazama kioo nikaona maandishi ya leso kwa kinyume: Heshima si utumwa. Tukaondoka. Mama mkwe akawa na chumba chake, nami nikawa na changu, ndani ya gari lisilofika mita saba.

Siku hiyo ya kwanza tulikwenda Kailua, mji mdogo ulio ufuoni, na hapo ndipo nilipoanza kutambua kwamba hatukuwa watu wa kwanza kisiwani humo kugawanya makazi yao kwa pazia la mwiko.

Katika lugha ya Kihawaii nyumba huitwa hale. Ni neno lenye ukoo mkubwa. Wasamoa na Watonga husema fale, watu wa Tahiti husema fare, Wamaori wa New Zealand husema whare, na huko Ufilipino zipo lugha zisemazo balay. Wanaisimu huliona neno hilo kuwa moja, lililosafiri kwa mitumbwi kutoka kisiwa hadi kisiwa, kama vile neno letu nyumba lilivyosafiri kwa miguu pamoja na Wabantu, hata Mkikuyu na Mchewa wakawa nalo, na Mshona akalifupisha kuwa imba. Jamaa hiyo ya lugha za Pasifiki ilifika hadi jirani zetu: Kimalagasi cha Madagaska ni tawi lake, na tano yao, dimy, ni ndugu ya lima ya Hawaii.

Hata hivyo, Mhawaii wa kale hakuishi katika hale moja. Aliishi katika kauhale, yaani mkusanyiko wa nyumba, na kila nyumba ilikuwa na kazi yake. Kulikuwa na hale mua, nyumba ya wanaume, walimokula na kuabudu mizimu ya wahenga wao. Kulikuwa na hale 'aina, walimokula wanawake na watoto. Mwanamke aliyekuwa katika siku zake alikaa katika hale pe'a. Kulikuwa na nyumba ya kupondea magome ya miti yaliyotengenezwa nguo, na banda refu la kuhifadhia mitumbwi, lililoitwa halau. Usiku ulipoingia, mume, mke na watoto walikutana katika hale noa. Neno noa lina maana ya kitu kilichofunguliwa, kisichofungwa na mwiko wowote. Ilikuwa nyumba pekee ambamo jamaa yote iliweza kuwa pamoja.

Nilipoyasimulia hayo ndani ya basi, kaka ya mke wangu akacheka akasema, "Hilo ni boma letu." Hakukosea. Nani kati yetu hajui simba, nyumba ya kijana aliyebaleghe ambaye hafai tena kulala kwa wazazi wake? Nani hajui kuwa katika boma la mtu mwenye wake wengi kila mke ana nyumba yake na jiko lake? Boma letu na kauhale yao ni misahafu iliyoandikwa kwa nguzo na nyasi. Anayejua kuisoma hutambua nani ni nani, nani anamstahi nani, na nani hawezi kula na nani.

Sheria iliyozigawa nyumba za Hawaii iliitwa kapu. Ni neno lile lile ambalo Watonga hulitamka tapu, na ambalo mabaharia wa Kapteni James Cook walilipeleka Ulaya katika karne ya 18. Wanaume na wanawake hawakuruhusiwa kula pamoja. Chakula chao kilipikwa katika tanuri mbalimbali za ardhini. Mwanamke alikatazwa nyama ya nguruwe, nazi, aina nyingi za ndizi, na baadhi ya samaki. Aliyevunja kapu angeweza kuuawa. Kiswahili nacho, kwa sadfa ambayo huwafurahisha sana wanafunzi wangu, kina neno mwiko lenye maana mbili: chombo cha kupikia ugali na jambo lililokatazwa. Sidai kwamba maana hizo zina asili moja. Lakini huko Hawaii, mwiko wa marufuku na mwiko wa jikoni vilikuwa kitu kimoja.

Mwiko huo ulivunjwa hapo hapo Kailua. Kamehameha wa Kwanza, mtawala aliyeviunganisha visiwa vyote, alifariki katika ufuo huo mwezi Mei mwaka 1819. Mwanawe Liholiho akarithi kiti. Wakubwa wa kwanza kuitikisa sheria walikuwa wanawake wawili: Keopuolani, mama mzazi wa mfalme, mwanamke wa nasaba tukufu kuliko wote, na Ka'ahumanu, mjane wa Kamehameha aliyekuwa na kauli kubwa katika utawala. Keopuolani alianza kwa kula hadharani pamoja na mwanawe mdogo. Miezi michache baada ya mazishi ikaandaliwa karamu, meza moja ya wanaume na nyingine ya wanawake. Mfalme akazunguka zunguka, kisha akaketi kwenye meza ya wanawake, akala. Tendo hilo likaitwa 'ai noa, kula kulikofunguliwa. Baadaye mahekalu yakaamriwa yabomolewe na sanamu za miungu zikachomwa. Wamishonari wa kwanza kutoka Marekani waliwasili mwaka uliofuata, 1820, wakakuta kazi imekwisha kufanywa na wenyeji.

Hadithi hii huelezwa aghalabu kama ushindi mtupu. Lakini kusini kidogo mwa Kailua, kwenye uwanda wa mawe meusi ya volkano uitwao Kuamo'o, ipo sehemu yake ya pili. Kekuaokalani, binamu wa mfalme, alikataa kuiacha dini ya wazee. Mwezi Desemba mwaka huo huo wa 1819 majeshi yakakutana hapo. Kekuaokalani akauawa, na mkewe Manono, aliyekuwa akipigana bega kwa bega naye, akaanguka pale pale. Mamia ya watu walizikwa chini ya marundo ya mawe. Waliokufa hapo hawakuwa wajinga. Walikuwa watu waliopenda nyumba waliyolelewa, wakaamka asubuhi moja wakaambiwa haipo tena.

Niliyawaza hayo siku ya pili tulipokuwa tukielekea Honaunau. Barabara huacha njia kuu mlimani ikateremka kwa konakona mpaka baharini. Huko gari huendeshwa upande wa kulia, na mimi ni mtu wa kushoto tangu kuzaliwa. Nilipokata kona kuingia barabara hiyo, mikono yangu ikafuata mazoea, basi likashika kushoto. Lori likatokea mbele likipiga honi. Nikafunga breki ghafla nikarudi kulia. Gari lililokuwa nyuma yetu, ambalo sikuwa nimeliona kwa sababu leso iliziba kioo chote, likatukwepa kwa unywele. Watoto wakapiga yowe. Nikalisimamisha basi kando ya barabara, magoti yakinitetemeka.

Kwa muda hakuna aliyesema neno. Kisha nikasikia fundo likifunguliwa. Kwenye kioo niliona maandishi yakilegea, yakakunjamana, yakashuka. Nikainamisha macho upesi kwenye usukani.

"Mama Nekesa," mama mkwe akamwambia binti yake, "mwambie Baba Nekesa aangalie barabara. Mimi nitaangalia dirishani."

"Baba Nekesa, umesikia?" mke wangu akauliza.

"Nimesikia."

"Mama, amesikia."

Tukaendelea. Kila nilipoinua macho kwenye kioo niliona vilemba viwili, vichwa vya watoto, barabara nyuma yetu, na shavu la mwanamke mzee aliyegeukia bahari. Hakugeuka hata mara moja mpaka tulipofika. Nawaambia kweli, sijawahi kustahiwa namna ile na mtu yeyote.

Huko Honaunau kuna mahali paitwapo Pu'uhonua o Honaunau, ambapo leo ni hifadhi ya taifa. Ni kimbilio. Mtu aliyevunja kapu, akijua kwamba kifo kinamfuata, alikimbia au kuogelea mpaka hapo. Akiukanyaga ufuo huo, hakuna askari aliyeweza kumgusa. Kuhani alimfanyia matambiko ya kumtakasa, naye akarudi nyumbani salama. Wakati wa vita, wazee, wanawake na watoto walijificha humo, na hata mpiganaji aliyeshindwa. Ukuta mkuu unaokitenga kimbilio hicho na makazi ya watawala una urefu wa karibu mita 300, kimo cha zaidi ya mita tatu, na unene wa takriban mita tano. Mawe yake yamepangwa bila saruji wala udongo. Nilishangaa kuona kwamba taifa lililokuwa na sheria kali namna hiyo lilijenga pia, kwa mikono hiyo hiyo na mawe hayo hayo, mlango wa kuikwepa.

Mwishoni mwa ukuta imesimama Hale o Keawe, nyumba iliyohifadhi mifupa ya watawala 23. Utukufu wao ndio uliokuwa ngao ya waliokimbilia hapo. Mmishonari Mwingereza William Ellis aliiona mwaka 1823, ikiwa na ukubwa wa mita saba kwa tano hivi, imeezekwa kwa majani ya mmea uitwao ti. Ka'ahumanu aliiamuru ibomolewe mwaka 1829. Iliyopo sasa ilijengwa upya mahali pale pale katika miaka ya 1960, na imekuwa ikikarabatiwa tangu hapo, sanamu ndefu za mbao zikiizunguka.

Karibu nayo kuna nyumba nyingine zilizo wazi, ambamo mtu huweza kutazama kiunzi. Hakuna msumari hata mmoja. Nguzo, ziitwazo pou, husimikwa ardhini. Mti wa juu ya ukuta ni lohelau, miti ya paa ni o'a, na uti wa paa ni kaupoku. Fito nyembamba ziitwazo 'aho hufungwa kwa safu, na juu yake hufungwa nyasi za pili, majani ya mkadi, au majani ya ti. Viungo vyote hushikwa kwa kamba. Nyumba ilipokamilika, nyasi za juu ya mlango ziliachwa zikining'inia bila kupunguzwa. Kuhani alikuja akaomba dua, akazikata. Tendo hilo liliitwa kukata kitovu cha nyumba. Maana yake nyumba ilihesabiwa kuwa mtoto aliyezaliwa, na kabla ya kitovu kukatwa haikufaa kukaliwa.

Mama mkwe aliisikiliza habari ya kitovu kwa makini, akiwa amesimama upande wa pili wa nguzo. Huenda aliyakumbuka mengi. Mimi nilikumbuka darasa langu. Muhula uliotangulia niliwauliza wanafunzi wa shahada ya kwanza maana ya kombamoyo na mtambaapanya. Kati ya vijana arobaini, wawili tu walijua kwamba kombamoyo ni mti wa paa na kwamba mtambaapanya ni boriti ipitayo juu ya ukuta, apitapo panya usiku. Mabati yameondoa makuti na nyasi, na yalipoondoka yalikwenda na msamiati wake.

Wahawaii wanajua uchungu huo kuliko sisi. Mwaka 1896 sheria iliifanya lugha ya Kiingereza kuwa ndiyo lugha ya kufundishia shuleni, na kufikia miaka ya 1980 watoto waliozungumza lugha ya wazee wao walikuwa wachache wa kuhesabika. Katiba ya jimbo iliifanya Kihawaii kuwa lugha rasmi mwaka 1978, na mwaka 1984 wazazi wakaanzisha shule za chekechea ziitwazo Punana Leo, yaani kiota cha sauti. Nyumba nazo zimerudi. Kaunti ya Maui ina kanuni za ujenzi zinazozitambua nyumba za nguzo na kamba. Na hata pale nyumba zilipotoweka, maneno yalitafuta makao mengine. Halau, lile banda la mitumbwi, leo ni jina la chuo cha kufundishia ngoma ya hula. Kauhale liliendelea kutumika hata kwa mtu mwenye nyumba moja tu, na katika miaka ya karibuni serikali ya jimbo imelitumia kuvitaja vijiji vya nyumba ndogo vinavyojengewa watu wasio na makao.

Wakati wa chakula tuliandaa mapochopocho yetu chini ya minazi. Nilidhani, kwa kuwa leso imeshuka, na kwa kuwa tuko mahali ambapo waliovunja mwiko walisamehewa, labda mama mkwe ataketi nasi. Hakuketi. Alichukua sahani yake akaenda chini ya mnazi mwingine, hatua ishirini hivi, wajukuu wakimfuata. Mwanyumba akataka kwenda kumwita, mke wake akamzuia. Leso ilishuka kwa sababu ingetuua. Chakula hakikuwa na hatari yoyote, na kwa hiyo mwiko wake ulibaki mahali pake.

Tulipokuwa tukirudi jioni, jua likizama upande wa dirisha lake, alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema na binti yake kwa sauti ambayo kila mtu garini aliisikia.

"Wale wakubwa 23, watu wao walijenga nyumba ya kuwalinda. Mwambie Baba Nekesa kwamba siku ya kumzika mzee nilimwona. Alisimama chini ya mwembe, mvua ikamnyeshea mpaka mwisho, hakuondoka. Nilimwona."

Mke wangu hakuweza kuufikisha ujumbe huo mara moja. Nilishika usukani kwa nguvu. Hatimaye nikasema, macho yakiwa barabarani, "Mama Nekesa, mwambie mama pole."

"Mama, anasema pole."

"Nimeisikia," akasema mama mkwe. "Mwambie imefika."

Wasomaji wapenzi, nimeisimulia safari hii kwa sababu mjadala wetu kuhusu mila umekuwa wa pande mbili zisizosikilizana. Upande mmoja wapo wanaotaka kila desturi ichomwe kama sanamu za Kailua, na wanaoipenda waachwe uwandani. Upande wa pili wapo wanaotaka leso ibaki imefungwa hata kama dereva haoni njia. Wote wawili hawamuulizi mwenye leso.

Mimi sina shaka kwamba zipo desturi zetu zinazofaa kuvunjwa kabisa, hasa zile zinazomnyima mwanamke chakula, urithi au uhai. Kapu iliyomuua mtu kwa sababu ya ndizi haikustahili machozi. Lakini zipo nyingine ambazo ndani yake mna heshima ya kweli, na hizo hulegezwa na wale wanaozibeba, kwa kiasi kinachohitajika, wakati unaohitajika. Huko Hawaii walioanza walikuwa mama wa mfalme na mjane wa mfalme. Katika basi letu aliyeanza alikuwa mwanamke mwenye magoti mabovu ambaye hakuwahi kusoma kitabu cha isimu. Alifungua fundo moja akaliacha la pili, na hakuna aliyemfundisha tofauti yake.

Kwa hiyo, kabla ya kuzitupa mila au kuzishikilia, tuwaendee wazee tungali nao. Tuwaulize kila ukuta ulijengwa kwa nini, na kila mti wa paa unaitwaje. Wengine watatuambia kwamba ukuta fulani ulikwisha kupitwa na wakati, na watafurahi kuubomoa kwa mikono yao wenyewe. Wengine watatuonyesha mlango ambao hatukujua kama upo.

Siku ya tano tulilirudisha basi Kona. Karani yule yule, kwa tabasamu lile lile, aliniomba radhi tena kwa kutupa gari dogo kuliko tulivyoagiza, akauliza kama tulibanana sana. Mama mkwe alikuwa amesimama nje, amenipa mgongo, leso mabegani. Nilimjibu karani kwamba viti vilitosha.